Likizo ya Mlo na Koti la Marehemu Babu

Jumatatu, 3 Novemba 2025, Msambweni
Nimepimwa dukani kwa Salimu, juu ya mizani ya korosho. Kilo tisini na moja! Wiki nane zilizopita nilikuwa tisini na saba. Koti la marehemu babu limefunga vifungo vyote vitatu, na kwa ada ya ukoo wetu, asiyeweza kulifunga hasemi harusini. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, anaolewa Fauzia, binti wa marehemu kaka yangu. Ameniomba kwa machozi nisimame mahali pa baba yake. Hotuba yangu: kurasa sita. Binamu yangu Garama, mwembamba kama mpini wa jembe na asiyejua nukta-mkato, analitamani koti. Hatalipata.

Jumanne, 4 Novemba
Bi Twaiba, mtaalamu wa lishe, amenishangaza. Asema mwili uliopunguziwa chakula kwa muda mrefu unaweza kupumzishwa kwa mpango: wiki moja nile kadiri ya kubaki na kilo zile zile, kisha niendelee. Nilimwuliza mwili hutambuaje kwamba uko likizoni. Nilimwuliza pia iwapo tui la nazi ni chakula au kinywaji. Alinisihi nipime wali kwa kikombe. Hilo sikuliandika, wino ulikuwa umekwisha.

Jumatano, 5 Novemba
Nimemwandikia mke wangu Muhsina ombi rasmi la likizo ya siku saba, Jumapili isihesabiwe, lenye vifungu vinne. Alilisoma huku akikuna nazi. Akasema, "Baba Ishak, umeandika vizuri." Kisha akauliza iwapo kifungu cha tatu, kuhusu haki ya kila aliyechoka, kinamhusu na mpishi. Ningekikanaje? Nilikitunga mwenyewe! Amekwenda kwa dada yake, kule Vanga.

Ijumaa, 7 Novemba
Jiko baridi. Nimekula kibandani kwa Mbeyu: mahamri sita na mbaazi za nazi. (Nimeamua: tui ni kinywaji.) Garama alipita, akanisalimu kwa heshima, akaniagizia mahamri manne zaidi. Nimemdhulumu mtu huyu moyoni mwangu.

Jumatano, 12 Novemba
Salimu amenipima mara mbili, kisha akauliza nimeficha korosho ngapi ndani ya kanzu. Tisini na sita! Mizani ni mbovu. Garama amekubaliana nami kabisa, akaninunulia biriani.

Ijumaa, 14 Novemba
Mbele ya wazee wetu na wageni wa bwana harusi kutoka Bodo, nilifunga kifungo cha kwanza. Cha pili. Cha tatu kiliruka, kikatua ndani ya kikombe cha kahawa cha shehe. Shangazi Mwanafatuma akatamka kwamba ada ni ada. Garama akavaa koti, akasema maneno machache tu: "Huyu ni mtoto wetu. Mtunzeni." Watu wakalia. Baadaye Fauzia alinishika mkono, akaniomba zile kurasa sita. "Nitazisoma Bodo, Ami, nikikosa usingizi." Nilifuta machozi kwa ukurasa wa tano, kisha nikampa.

Jumamosi, 15 Novemba
Nimetafakari kwa kina. Siku nne za likizo yangu ziliharibiwa na wasiwasi, hivyo si halali kuzihesabu kuwa mapumziko. Nimeandaa ombi la kufidiwa. Fidia inaanza leo. Garama, kwa ukarimu wake, ameniletea sinia la pilau lililobaki. Ameahidi pia kunitunzia koti hadi harusi ijayo.