Kijinyama Kimoja, Watahini Wawili

Jumatatu, 6 Mei
Kosa la wengi wakiota kijinyama mdomoni ni kukitomasa kwa ulimi na kungoja kiondoke chenyewe. Siwalaumu. Changu nimekitomasa miezi minne. Kiko kwenye ufizi wa juu, nyuma ya gego la mwisho. Ukubwa wa punje ya mahindi, manjano iliyopauka, kina vipele kama koliflawa. Hakiumi. Hilo ndilo linalonitia shaka. Mgeni anayekaa kwako miezi minne bila kuomba hata maji ana lake jambo.

Daktari wa meno amekimulika kwa kurunzi. Nimemkumbuka. Nilimsahihishia mtihani wa biolojia, nikampa arobaini na moja. Amesema kwa macho tu hawezi kujua. Vingi vya namna hii havina madhara, lakini huenda ikawa saratani, kwa hiyo kikatwe kikatazamwe kwa darubini. Amesema kwa upole mno. Arobaini na moja, na bado mpole. Nitamchunga.

Jumanne, 7 Mei
Ganzi, mkasi, tayari. Tarishi wa maabara anaumwa, hivyo nimekabidhiwa kichupa nikipeleke mwenyewe. "Usikifungue, Mwalimu." Kwa nini nisikifungue?

Nieleze, kwa faida ya atakayesoma. Nimesahihisha mitihani miaka thelathini. Karatasi nzito haipewi mtahini mmoja. Hupewa wawili, wasiojuana, kila mmoja peke yake. Wakikubaliana, alama ni ya haki. Ufizi wangu una thamani ndogo kuliko insha?

Meza ya jikoni. Miwani. Wembe mpya. Nilikusudia kukigawa kijinyama sawa, kwa wima. Kikateleza, kikakatika kwa ulalo: tabaka la juu huku, la chini kule. Si neno. Nyama ni nyama.

Tabaka la juu limekwenda maabara ya daktari. La chini nimelitia katika kichupa cha dawa ya macho, nikalimiminia kidogo ile dawa ya kuhifadhia ya kichupa cha kwanza, nikalipeleka maabara nyingine upande wa pili wa mji. Ili wasijuane, nimeandikisha jina na simu ya shemeji, kaka wa mke wangu, fundi saa. Namba yake naijua kwa kichwa. Hunipigia kila anaponifunga drafti, kuniuliza kama nimelala vizuri.

Jumatatu, 13 Mei
Daktari amepiga simu. Maabara imeona ngozi ya juu tu, imejikunja kama vidole. Chini yake hakuna kitu, kwa hiyo hawawezi kuapa kwamba si saratani. Itabidi akate tena Alhamisi, kwa kina, mpaka karibu na mfupa. Anashangaa, maana anakumbuka alikata mpaka chini. Nimemwambia labda kimesinyaa njiani.

Mke wangu hajagusa chakula. Anapanga na kupangua nguo zangu kabatini kama mtu anayenifungashia safari.

Jumanne, 14 Mei
Shemeji amekuja asubuhi, uso umemshuka. Maabara asiyoijua imempigia: nyama ya ufizi wake ina seli zilizojaa mafuta, kama povu, ila haina ngozi ya juu, haieleweki, afike haraka na daktari wake. "Nyama yangu ipi, shem? Mimi sijakatwa hata kucha." Amejikagua mdomo kwa lenzi ya kazini, ameona vitu vitatu vya kutisha. Kimoja ni jino. Amenikabidhi saa ya marehemu baba yake nimtunzie, na amekiri kwamba Jumapili alinifunga kwa hila.

Kukiri huko kulikuwa kutamu. Nilifikiria kunyamaza hadi Ijumaa.

Lakini mke wangu alikuwa mlangoni, na tangu wiki iliyopita anatafuta kichupa chake cha dawa ya macho. Akanitazama. Akasema nina akili nyingi mpaka zinamwagika, na kwamba kesho nitakwenda kwa daktari na kaka yake, na nitasema kwa mdomo wangu huo huo.

Jumatano, 15 Mei
Nimesema. Daktari akauliza kama nikipewa nusu ya juu ya ukurasa ningeweza kusahihisha insha nzima. Swali zuri. Leo ningempa sitini.

Ameahirisha kukata. Ameagiza vioo vya darubini, vile vilivyobandikwa vipande vyangu, kutoka maabara zote mbili.

Ijumaa, 17 Mei
Mtaalamu wa darubini ameviweka vioo sambamba. Vidole juu, povu chini. Ukiviona pamoja, jibu ni moja: zanthoma ya vipele, uvimbe adimu wa utando wa mdomo. Si saratani. Ukishakatwa, kwa kawaida haurudi. Sikatwi tena.

Mke wangu alikaa kwenye ngazi za zahanati akalia, halafu akala ndizi mbili mfululizo. Shemeji amechukua saa yake. Amechukua na ushindi wake wa Jumapili.

Jumamosi, 18 Mei
Nimetafakari kwa utulivu. Maabara mbili, na hakuna iliyopata jibu. Utaratibu wangu umeziumbua zote. Lakini jibu la mwisho limetoka kwa nani? Kwa mtu mmoja, aliyeona karatasi zote mbili kwa pamoja, na hakuna aliyemsahihisha yeye. Na wote wameridhika upesi mno.

Kazi ya leo: kaombe vile vioo, uvipeleke maabara ya tatu, uandikishe jina la mama mkwe.