Hotuba ya Mgeni Rasmi juu ya Joto la Majumbani, Kata ya Mkunya

Waheshimiwa viongozi mliofika, mliokaribia kufika na mliotuma wawakilishi. Masheikh wetu, mapadri wetu, wazee wa Mkunya, na wewe uliyekalia kiti changu. Ambaye sikumtaja amesahauliwa na katibu wangu, si na mimi. (Makofi ya dereva.)

Ndugu wananchi, baridi ya Juni katika uwanda wetu huu ni changamoto mtambuka, na mimi, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana hadi Masasi, nilihudhuria semina elekezi ya insulesheni, yaani kuzuia joto lisitoroke nyumbani, na joto la jua, nikasinzia kuanzia chai ya saa nne, lakini kwa ukubwa wa akili yangu nikaamka nikiwa mtaalamu. (Vicheko.) Ndipo nikazindua mchakato wa kuongeza efishensi ya joto kwa asilimia mia na nne, ambapo kila nyumba ingewekewa dari iliyojazwa maranda ya mbao, na ukuta mweusi wa kunasa jua la mchana litumike usiku.

Katika maandalizi hayo niliagiza nyumba ya mfano iezuliwe nyasi zote, kwa kuwa nyasi ni teknolojia iliyopitwa na wakati. Baadaye nililala katika nyumba ya nyasi kule Kitangari, nikatoka jasho, nikaelewa kwamba nyasi nene ndizo insulesheni yenyewe, lakini agizo la kiongozi halirudi kinyumenyume. (Minong'ono.)

Mwenye nyumba ile ya mfano, Mama Veridiana, namwona amesimama. Uliza, mama, kwa kifupi.

(Mama Veridiana: "Shikamoo, mheshimiwa. Mama mkwe analala chini ya turubai na kifua kinambana. Tuezeke, au bado tukusubiri?")

Marahaba. Swali zuri sana, na kwa uzuri wake nitaliwasilisha kwa wadau. (Zomeazomea.) Tulieni. Nimevaa makoti mawili hapa, na naona aibu. Ezeka, mama. Ezeka leo.

Mkunya! (Joto!) Joto! (Kikohozi kutoka nyuma.)

Nihitimishe kwa kuwashukuru wafadhili, ambao hatukuwahi kuwaomba. Mtaalamu mshauri, ambaye hakuwahi kuteuliwa. Na kipekee wewe, Mama Veridiana, kwani katika mradi huu ambao haukuwahi kuwepo popote ila mdomoni mwangu, kazi pekee iliyotekelezwa ni paa lako, uliloliezua kwa mikono yako kwa kuniamini.