Makala Tano Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mama yangu! Nafasi ya kazi! Timu ya utafiti wa malaria hapa Nchelenge inatafuta msaidizi mmoja, mshahara kila mwezi. Miaka sita mimi, Dédé, nimekuwa mhudumu wa afya wa kujitolea, malipo yangu fulana. Sasa zamu yangu. Ila Keren naye anaitaka. Keren, mhudumu mwenzangu, anayeandika kila kitu daftarini, hata salamu. Madame Marthe, muuguzi wa utafiti, amesema Ijumaa kila mmoja wetu alete makala tano za kitaalamu zinazojibu swali: kwa nini malaria haiishi kando ya Ziwa Mweru wakati vyandarua vimegawiwa? Si magazeti, si mahubiri, si WhatsApp. Makala zilizokaguliwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Tano! Nilidhani usaili ni kusalimiana. Chouchou, mke wangu, ameniomba safari hii nisome kweli. Nimeumia moyo.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeingia PubMed, ile hifadhi ya makala za tiba aliyotuonyesha Madame. Nikaandika: "Bonjour, tafazali, juu ya nini malaria haiishi Nchelenge?" Majibu: sifuri. Sifuri! Na adabu zote zile! Nikahamia Google, nikampata bwana anayeuza unga wa mizizi unaotibu malaria, kisukari na ndoa. Nikampelekea Madame. Akafunga macho. Kisha akatufundisha upya: swali livunjwe, yabaki maneno makuu tu, tena kwa Kiingereza, maana makala nyingi ziko huko. Maneno yenye maana moja yaunganishwe kwa OR, mambo tofauti kwa AND. Halafu uchuje kwa miaka. Keren akaandika. Mimi nilikuwa namtazama Keren anavyoandika. Mwandiko mbaya.

Jumatano, 10 Septemba

Ushindi! Nimeandika neno moja tu, malaria. Makala zaidi ya laki moja! Nikamuuliza Keren anazo ngapi. Kumi na tisa. Maskini. Nimetangaza soko zima. Madame aliposikia alishika kichwa, akauliza laki moja nitazisoma lini, na ngapi kati yake zinahusu ziwa letu. Hilo sikulifikiria. Nikachagua nne, fupi kuliko zote. Chouchou amepitia, akagundua moja inahusu malaria ya ndege. Ndege wanaugua malaria! Nani alijua? Nimeiacha humo humo, kurasa zake ni tatu tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Imebaki moja. Nimekwenda kwa Kingsley, mwenye mashine ya kuchapa pale sokoni, nikamwambia nimetumwa na Keren. Uongo mdogo. Akanionyesha bahasha ya Keren: makala tano. Pembeni kulikuwa na ya sita, juu yake Keren ameandika kwa kalamu, "hii hapana." Aka! Mjanja huyu! Anaficha iliyo bora! Kichwa chake kina vyandarua, kina uvuvi, kina Ziwa Mweru. Nimeichukua. Nimesoma kichwa mara mbili na muhtasari mara moja. Ndani kuna majedwali na picha. Picha ni mambo ya watoto, nimeziruka.

Ijumaa, 12 Septemba

Nilivaa tai. Nikaanza na ile ya Keren. Nikaeleza kwamba watu wanageuza vyandarua vya msaada kuwa nyavu za kuvulia chisense, vidagaa vyetu, na mbu wanabaki na karamu. Nikawaita watu hao wasio na haya. Nikapiga meza. Madame akafungua ukurasa wa saba. Akatazama picha. Akanitazama. Akarudi kwenye picha. Mtu amesimama majini hadi kiunoni, anavuta chandarua kipya kilichojaa chisense. Macho yamefunikwa kwa mstari mweusi, asijulikane. Kifuani, kwenye fulana: DÉDÉ, MHUDUMU WA AFYA.

"Dédé, uyu si weye?"

Nikasema akina Dédé ni wengi. Akauliza wangapi wana fulana ile. Hapo nikamkumbuka muzungu mmoja mwenye kamera aliyenipiga picha nikivua kule Puta. Alinipa karatasi ya ruhusa, nikatia sahihi bila kusoma. Nilidhani ni ya kalenda!

Keren, ambaye huniita yaya, yaani kaka mkubwa, akasema polepole, anatazama chini: "Njo maana niliiacha, yaya. Sikutaka bakuone."

Aliiacha makala nzuri kuliko zake zote ili anisitiri. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kazi amepewa yeye. Anastahili. Hilo nimeliandika kwa wino, lisifutike.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimelala, nimeamka, nimefikiri. Katika ufuo huu wote, nani ametokea kwenye makala ya kitaalamu? Keren? Bado. Madame? Sijamwona. Mimi! Nusu ukurasa, kwa rangi! Nimewaandikia wenye jarida waondoe ule mstari mweusi, sura ionekane. Tena nimesikia kule Mununga wanatafuta mkaguzi wa nyavu haramu. Barua yangu ya maombi imeondoka na mtumbwi wa asubuhi. Nimeambatisha ukurasa wa saba, kuthibitisha uzoefu.