Doto, Pacha wa Kulwa

Gaudensi alikuwa kinyozi wa Chanji, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mashine yake. Kilichomnyima usingizi ni mzee Adolfu wa Kaengesa, aliyegoma kumwoza binti yake Salome mpaka aone uani kwake mtamba wa kuzaa. Fedha hakutaka. Alisema fedha haikamuliwi.

Ukombozi ulikuja juu ya shingo ya mteja. Jenifer, daktari wa mifugo, alipokuwa anapunguzwa nywele, alieleza kwamba ndama jike akizaliwa pacha na dume, karibu kila mara huwa tasa. Wakiwa tumboni, damu ya kaka humharibia dada kizazi. Ukitaka kujua unapitisha mrija laini kule nyuma: kwa mzima unazama, kwa tasa unagota karibu na mlango.

Gaudensi aliitikia kwa adabu, moyoni akacheka. Imani za wafugaji hizo. Ila uongo mtamu namna ile si wa kufagiwa pamoja na nywele.

Jumapili akavaa koti lake jeupe la kazi, akabeba mrija, akatokea Milanzi kwa mama Kabula, Msukuma mwenye ng'ombe wa kung'aa. Mmoja alikuwa mtamba mnene, mgongo kama meza.

"Shikamoo mama. Daktari wa mifugo hapa. Huyu anaitwaje?"

"Marahaba, daktari. Doto. Kulwa ni lile dume, walizaliwa siku moja."

Gaudensi nusura apige vigelegele. Akakunja uso kama msoma matangazo ya vifo, akapitisha mrija. Ukagota. Akashukuru kimoyomoyo: hata ng'ombe mwenyewe anajua kuigiza.

"Pole, mama. Ni tasa."

Kabula alimlilia Doto kwa kirefu, kwamba amemlea kama mwanawe. Gaudensi akajitolea kumwondolea huzuni kwa kumnunua. Akataja redio, kilio kikaendelea. Akataja sola ya kibandani, ile inayoendesha mashine ya kunyolea, pamoja na betri yake. Machozi yakakauka, Doto akafunguliwa.

Kaengesa, mzee Adolfu alimzunguka mtamba, akatabasamu, lakini akataka kwanza daktari ampime. Aliyekuja ni Jenifer. Mrija ukagota.

"Anaitwaje?"

"Doto," alisema Gaudensi, sauti imeanza kuzama.

"Na Kulwa?"

"Dume."

Jenifer akamkazia macho. "Hivi siku ile ulikuwa unaninyoa au umelala?"

Mzee Adolfu akamrudishia kamba taratibu. "Mwanangu, kamlete na Kulwa, uwafunge jembe. Salome atasubiri anayekamuliwa."

Gaudensi alirudi Milanzi na Doto wake, akakuta sola inang'aa juu ya bati la Kabula. Akadai kwa ukali kwamba ameuziwa tasa.

"Si wewe uliyeniambia?" Kabula akashangaa. "Wenzako wakija kupima, mimi ndiye ninayelipa. Wewe umepima, umelipa, umeondoka na mgonjwa. Daktari mwenye roho kama yako sijapata kumwona."

Kusema alidanganya ni kusema si daktari, na nyuma ya Kabula walisimama vijana wake na fimbo.

"Kwa kuwa umefika," Kabula akamsogezea kigoda, "nina mbuzi anakohoa."

Gaudensi akaketi, akaweka sikio kwenye ubavu wa mbuzi, akamwomba avute pumzi.