Dari ya Gari na Kosa la Chapa

Jumatatu, 10 Juni
Leo ni miaka ishirini na tisa, miezi minne na siku tisa tangu niondoke kwetu. Nimehesabu mara mbili. Mke wangu anasema hata wafungwa huchoka kuhesabu.

Barua ya dada imefika. Dada yangu mkubwa! Hatujaonana tangu siku ile. Anakuja Jumamosi kwa basi la saa sita. Ameandika kwamba akinikuta nahangaika, atarudi na mimi. Chumba changu ameshakipaka rangi.

Mimi, kuhangaika? Nina nyumba, nina mke, nina gari. Nikaenda kulitazama hilo gari. Kitambaa cha dari kimeachia chote. Mbele kinakulalia kichwani kama kilemba cha kuazima. Nyuma huwezi kukaa bila kuinama. Dada ainame ndani ya gari langu, kisha akawahadithie watu kwetu? Haitatokea. Nina siku tano. Zinatosha na kubaki.

Jumanne, 11 Juni
Pini za kushonea. Nimezichukua kwenye kikopo cha mke wangu bila kumsumbua kwa kumwomba. Pini hamsini na nane. Kitambaa kikapanda, kikatulia, kikapendeza kama godoro la wageni. Nikalizungusha gari mtaani ili lionekane. Tuta la kwanza: pini tatu zikashuka, moja ndani ya kola. Tuta la pili sikuhesabu.

Jirani yangu seremala alikuwa nje anapiga randa. Mtu huyu ananiita Bwana Nukta, kwa kuwa nimekuwa msahihishaji wa prufu, zile kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa, miaka arobaini, kwetu na hapa, na niliwahi kumsahihishia kibao cha duka lake bila kuombwa. Aliponiona nachomoa pini shingoni akauliza nani kanifanya mto wa kushonea. Kisha akanishauri ning'oe ubao mzima wa dari, nikwangue sponji iliyooza, nipake gundi ya viatu. Nikamshukuru kwa ubaridi. Sijamwomba mtu ushauri.

Jumatano, 12 Juni
Nimeng'oa ubao mzima wa dari. Wazo langu mwenyewe. Taa ya ndani, vikinga jua viwili, vishikio vinne, skrubu kumi na tisa. Ubao ukakataa kutoka mlangoni. Nikavuta, mke wangu akanivuta mimi, tukaangukia maua yake.

Sponji imegeuka unga wa njano. Nimekwangua mpaka adhuhuri. Mke wangu akasema nafanana na andazi lililosahaulika kwenye unga. Nikaulaza ubao juu ya meza ya chakula. Akauliza sisi tutakula wapi. Nikasema siku mbili tatu tunaweza kula kama wasafiri. Akajibu kwamba yeye safari zilishamtosha. Nikaendelea kukwangua, polepole kidogo.

Alhamisi, 13 Juni
Gundi imepatikana. Nikasoma maelezo kwenye kopo, maana mimi si mtu wa kukurupuka. "Paka pande zote mbili. Acha ikauke dakika kumi na tano. Kisha bandika."

Upuuzi! Gundi iliyokauka inabandika nini? Ni wazi kwamba mpangaji wa herufi amegeuza mistari. Makosa ya namna hii nimeyakamata maelfu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka alama ya kuhamisha: Paka. Bandika. Acha ikauke. Nikatia sahihi pembeni, kwa mazoea.

Seremala akachungulia dirishani. Akasema mzee mwenzangu, gundi hiyo husubiri mpaka ukiigusa haing'ang'anii kidole, ndipo unabandika. Nikamwambia yeye ni mtu wa mbao, mimi ni mtu wa maandishi. Akasema sawa, lakini gundi haijui kusoma. Nikafunga dirisha.

Nikabandika ikiwa mbichi. Imepenya mpaka upande wa pili wa kitambaa. Madoa. Ukiyatazama kwa moyo mkunjufu, ni mawingu.

Ijumaa, 14 Juni
Kimeshika! Nimerudisha ubao mahali pake. Skrubu sita zimebaki. Bila shaka kiwandani huweka za akiba. Mke wangu analalamika kwamba harufu inamtia kizunguzungu. Nikamweleza kuwa ndivyo yanavyonuka magari mapya. Nikapita mbele ya seremala nikipiga honi mara tatu. Akainua nyundo. Sijui ilikuwa salamu au shari.

Jumamosi, 15 Juni
Dada alishuka kwenye basi akiwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Akanishika masikio yote mawili, kama zamani, akanikagua. Akasema nimezeeka vizuri. Nikamfungulia mlango wa nyuma kama dereva wa waziri. Akatazama juu, akasema dari nzuri, ina mawingu. Ushindi!

Jua la saa saba lilikuwa kali, na madirisha tuliyafunga kwa ajili ya vumbi. Katikati ya njia panda nikasikia sauti kama busu refu. Kitambaa kikaachana na ubao. Kikatufunika wote wawili. Nikakanyaga breki. Honi zikaanza nyuma yetu. Kutoka ndani ya kitambaa dada akauliza: huku ndiko kutohangaika, mdogo wangu, au kuna kwingine utanionyesha?

Akacheka. Nikacheka. Kisha akasema taratibu, bado amefunikwa, nirudi kwetu, yeye anazeeka peke yake na nyumba imekuwa kubwa. Sikupata cha kusahihisha katika sentensi ile.

Nikaendesha hadi nyumbani kichwa nje ya dirisha. Mke wangu alitumia nusu chupa ya mafuta ya kupikia kuitoa gundi kwenye nywele za wifi yake. Seremala alisimama uani, akavua kofia kama msibani. Hilo liliniudhi zaidi.

Jumapili, 16 Juni
Dada amelisoma kopo. Akauliza nani kaandika kwa wino mwekundu. Kisha akasema hata barua ya mwisho ya marehemu baba niliirudisha imesahihishwa, na baba aliitunza ndani ya shati mpaka ikachakaa. Sikuwa nikijua.

Nimemjibu wakati wa chai, mbele ya mke wangu. Nimemwambia kwetu amebaki yeye tu anayenijua. Hapa hata anayenikejeli ananijua. Akalia kidogo, akaomba sukari. Atakaa nasi mwezi mzima. Nimemwambia aje kila mwaka, gari litakuwepo.

Nimeandikia kiwanda cha gundi barua ya kurasa tatu kuhusu kosa lao. Kopo jipya lina kosa lile lile, jambo linaloonyesha jinsi uzembe wao ulivyokomaa. Mchana nimepaka tena, unene mara mbili, nikabandika ingali inatiririka. Dada na seremala wameketi kivulini wakitazama, wanabishana ni upande gani utaanza kuanguka. Wa kushoto umeshuka kidogo.

Kwetu sirudi.