Mikwaruzo ya Dirisha la Dereva

Jumatatu, 4 Machi

Mimi ndiye fundi bora aliyewahi kuzaliwa na mwanamke. Nikiligusa gari bovu linaona haya, linawaka lenyewe. Shule niliachia darasa la sita. Walimu walikuwa wameishiwa.

Leo limevutwa hapa karakana gari kuukuu la bibi mmoja mjane. Pua ndefu, macho ya duara. Ukanda wa chuma chini ya dirisha la dereva umepakwa rangi nyeusi, na bibi anataka itoke. Akaeleza. Mumewe alipooza upande mmoja, akapoteza kauli. Miezi minane alishinda uani kwenye kiti cha dereva, bibi akimsimulia mambo yote kupitia dirishani, asijue kama anasikia. Juzi shemeji yake kaungama: marehemu alichorachora ule ukanda kwa msumari, naye shemeji akaupaka rangi ili gari lipate mnunuzi. Bibi anataka kusoma tu. Hata neno moja, alisema.

Mjomba, mwenye karakana, kanipa kazi mimi. Kidevu, mpaka rangi wetu, kanuna! Masharti: dawa ya kubandua rangi, kitambaa, subira. Msasa marufuku. Nikifaulu, nakuwa fundi kamili, ufagio anapewa Kidevu. Nikaitikia ndiyo, Mjomba. Masikio yalikuwa likizo.

Jumanne, 5 Machi

Rangi inavimba, inabanduka kama ngozi ya nyoka. Safi. Ila jana nilipandisha kioo cha dereva, na asubuhi nimekikuta chini. Kiti cha moto, kama mtu kanyanyuka sasa hivi. Na gari lililala kivulini!

Nikamwambia Kidevu aache utoto. Kaapa kwa mama yake hajaligusa, na gari lile hata alipwe halikaribii. Mwoga huyo. Nikatia kichwa dirishani nikapaza sauti: kama upo humo, mzee, na unanisikia, sema! Nilicheka sana. Nilicheka peke yangu.

Jumatano, 6 Machi

Rangi yote imetoka. Maandishi hakuna! Mikwaruzo mitupu, kama kuku kaparua. Maandishi mimi nayajua, yanakaa kwenye mstari kwa heshima zake. Hii ni kazi ya Kidevu, anataka chuma kiharibikie mkononi mwangu. Nimeinakili yote humu daftarini, mkwaruzo kwa mkwaruzo, iwe ushahidi.

Mjomba alipokwenda kununua vipuri, nikatoa msasa laini. Sugua, sugua! Chuma kikang'aa hadi nikajichana nywele humo. Nyuma yangu, kwenye ule mng'aro, kulikuwa na mtu kaegemeza kiwiko. Nikageuka. Hakuna mtu. Dawa ile ina moshi mkali, inapanda kichwani.

Alhamisi, 7 Machi

Kioo chini tena. Mikwaruzo imerudi! Ileile, palepale.

Saa saba mchana, wenzangu wakila, nikajibanza nyuma ya matairi nimnase Kidevu. Tatizo moja. Kidevu alikuwa mbele ya macho yangu, mashavu yamejaa chakula. Na bado nikasikia: kwaruu. Kimya. Kwaruu. Polepole, kama mtoto anayejifunza kuandika. Ndani ya gari hakuna mtu.

Nimeamua ni panya. Panya mwenye msumari. Nikaifuta tena, safari hii kwa msasa mkali. Nikavaa koti kwa baridi. Jua lilikuwa la kupasua mawe.

Ijumaa, 8 Machi

Kioo kimebaki juu. Ukanda mweupe, laini, hauna doa. Mjomba kanisifu mbele ya karakana nzima, Kidevu akatafuta pa kuficha uso.

Bibi kaja saa nne. Hakusimama nje kama sisi. Kaingia, kaketi kwenye kiti cha dereva, kashusha kioo, kaweka kiwiko juu ya chuma, kisha akainama kusoma. Kutokea ndani! Alivyokuwa akikaa marehemu. Sisi wiki nzima tulisimama nje.

Akapapasa ule ukanda kwa kidole, akaenda, akarudi. Akaniuliza taratibu: mjukuu wangu, hapakuwa na kitu kabisa? Nikamjibu hapakuwa na kitu, bibi, palikuwa peupe. Akasema basi, hakuwa akinisikia. Halafu akanishukuru. Mimi!

Jumapili, 10 Machi

Wiki nzuri kupita zote. Mimi ni fundi kamili, Kidevu anafagia, tena anaacha vumbi pembeni. Bibi kaliacha gari wiki nyingine. Anasema labda mumewe aliandika upande wa abiria, nako kumepakwa rangi. Nimeshanunua msasa mkali zaidi, dawa inanichelewesha.

Jambo moja tu. Leo daftari lilianguka, nikaliokota juu chini, ule ukurasa wa Jumatano. Mikwaruzo ya Kidevu. Herufi kubwa, za mkono unaotetemeka, lakini hata darasa la sita linatosha.

NAKUSIKIA.

Ningempelekea bibi ukurasa huu. Lakini Mjomba atauliza habari za msasa, na ufagio utanirudia. Daftari litalala chini ya godoro. Ile ya Jumatano ilikuwa ya bibi. Ya Alhamisi sijui alikuwa akimjibu nani, maana aliyepaza sauti dirishani Jumanne ni mimi.

Haya, nakubali, humu tu. Alimsikia. Aliyefuta ni mimi, mara mbili.