Dawa Isiyokaa Chupani

Jumatatu, 6 Machi 1911. Arusha, karibu na boma

Mzee Lemburis kaletwa tena zahanati. Haumwi popote. Tangu mkewe afariki anakaa tu kwenye kigoda, hali, hasemi. Bwana Mganga, Mjerumani wetu, kamgonga kifua, kamtazama ulimi, kampa kwinini. Nikafasiri kwamba mzee hana homa, ana upweke. Bwana Mganga akauliza upweke unakaa kiungo gani. Nikasema hauna kiungo. Akasema basi apewe kwinini maradufu, na isipomsaidia huo ni uvivu, na dawa ya uvivu ni kiboko.

Mimi naosha chupa na kufasiri, lakini akili ninayo. Mzee ana binti, Nashipae. Nimemposa kimoyomoyo tangu masika ya mwaka jana. Baba mwenye huzuni hasikilizi posa ya mtu. Akichangamka, atataka kujua kachangamshwa na nani. Hapo ndipo nitakapokohoa.

Jumanne, 7 Machi

Nimeanza kutoa dawa yangu mwenyewe: watu. Nimempeleka mzee kwaya ya misheni. Kosa kubwa. Mwalimu wa kwaya ni Efraimu, kijana wa meno meupe, naye anamtaka Nashipae na wala hafichi. Mzee alisinzia benchi la nyuma. Efraimu akamsindikiza nyumbani, akapakuliwa loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, bakuli zima, akachekewa na Nashipae. Mimi nimekula kiporo.

Alhamisi, 9 Machi

Nimempeleka kwenye mfereji, wanaume walikuwa wanazibua tope. Vijana tupu. Walimheshimu kupita kiasi, hakuna aliyethubutu kumpa jembe wala kumtania. Akarudi mpweke kuliko alivyokwenda. Nikamuuliza hasa anakosa nini. Akasema anakosa wa kumtukana. Wenzake wa rika wako Kisongo na mifugo. Huku kabaki na watu wa kumwamkia tu.

Nimepata!

Jumamosi, 11 Machi

Waarusha wana desturi. Wanaume wa rika moja hujitenga porini, huchinja, hula nyama na supu ya mizizi, hurudi wamenona. Basi nikamkokota beberu wangu, wa pekee niliye naye, tukaenda Kisongo na mzee.

Wazee walimwona Lemburis wakamtukana vizuri sana. Akacheka. Mzee ambaye hajacheka tangu msiba! Kisha wakanitaka mimi nirudi mjini, beberu abaki, maana pale ni mahali pa rika lao tu. Nimwache baba mkwe mtarajiwa ale nyama yangu na kunisahau? Nikasema mimi ni wa rika lao. Wakatazama nywele zangu nyeusi. Nikasema kwetu Bonde watu hawaoti mvi upesi. (Nina miaka thelathini na tisa, huu mwaka wa tano sasa.) Wakateta, wakamtazama beberu, Lemburis akanitetea, wakakubali. Wamenilisha pande moja na yeye, wakanipulizia kwa vinywa vyao pombe ya asali ya baraka. Nimekwisha kuwa mtu wa nyumbani.

Jumatano, 15 Machi

Tumerudi. Lemburis anapiga soga mpaka na mbuzi. Bwana Mganga kamwona, kafurahi, kaandika Berlini kwamba kwinini inatibu huzuni. Shauri yake. Kanzu nimeifua, kesho naposa.

Alhamisi, 16 Machi

Nilipoingia, Nashipae akaja akainamisha kichwa nikiguse, kama mtoto anavyomfanyia baba. Nikadhani ni haya ya mchumba. Nikagusa, nikatoa posa.

Lemburis akacheka mpaka akashika mbavu, maana watu wa rika hutaniana. Alipoona sitanii, akanivuta karibu. Akanieleza polepole, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba: binti wa mwanarika ni binti wa rika zima. Kwa hiyo ni binti yangu. Ningebaki mtu baki angenipa, tena kabla ya Kisongo alikwisha kumdokezea Nashipae; nilipojitia katika rika lake akadhani simtaki. Na Nashipae alikuwa kakubali, kwa vile nilivyomjali baba yake. Alikuwa!

Imeniuma. Imeniuma sana, wala sioni haya kuandika.

Jioni Efraimu kaja na posa yake. Kwa kuwa mimi ni baba, nikakalishwa upande wa kupokea. Nikadai ng'ombe mpaka Lemburis akanikanyaga mguu.

Jumapili, 19 Machi

Nimelala kitandani, sili. Bwana Mganga kaniletea kwinini. Lemburis kaniletea supu, kakaa kutwa nzima, kanitukana mimi na Bonde yote mpaka nikacheka bila kupenda. Nimemaliza kibuyu.

Nafuu ilipokuja, akili nayo ikarudi. Yuko mjane huko Lemara, jina lake Nosim, mtu wa misheni, mcheshi, mikono yake inajua kupika, na asemavyo yeye mwenyewe nyumba imempwaya. Tatizo ni wanawe, vijana wawili wenye mikuki, hawataki mwanamume mgeni amsogelee mama yao. Basi dawa ni kuwazoea hao wana. Wiki hii wanakwenda porini kula nyama na wenzao. Lemburis sijamwambia, mambo ya rika anayachukulia kwa uzito mno. Ndevu nimeshanyoa. Wakiniuliza mimi ni wa rika gani, nitawaambia ni lao.